Paka wa Nyumba Mbili

Sijatulia tangu Jumapili iliyopita, na acha nikueleze kwa nini, maana wewe ni mtu wa kuelezwa. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Mbeya, nikamuuliza binti yangu kama baba yake ameshawapa mbwa chakula. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye kochi, simu yangu mkononi. Hakuinua kichwa, hakwenda kuuliza, akanijibu, "Bado." Nikajua hajui. Nikatoka nikamfokea mpaka mume wangu akaja mbio kutoka uani akidhani mtoto ameungua. Mbwa walikuwa wameshakula zamani. Hata wangekula mara ya pili, hakuna ambaye angedhurika. Mtoto alibaki kunikodolea macho, na mimi nikarudi jikoni nikaunguza maharage.

Tangu siku hiyo nashika hiki naacha, nashika kile naacha. Nimetafuta wa kumlaumu nikamkosa. Ni lile neno "bado", lililosemwa na mtoto aliyeona uvivu kuvuka uwanja. Mimi nililisema nikiwa na miaka kumi na moja, kwetu Tukuyu, wakati tunaishi na paka mwenye kisukari.

Cheka tu. Hata afisa mifugo alicheka.

Kwetu ni nje kidogo ya mji, ukishika barabara ya Masoko. Uwanja ulikuwa mmoja, na nyumba mbili zinazotazamana. Huku nyumba ya baba na mama, na jiko la nje lenye kuta nyeusi kwa moshi. Kule nyumba ya babu, na ubavuni mwake kibanda cha kuwekea kahawa. Katikati, hatua arobaini za matope. Najua ni arobaini kwa sababu nilizipiga mara nyingi kwa siku kuliko ninavyotaka kukumbuka. Unaijua mvua ya kwetu: inanyesha Novemba, inanyesha Machi, Aprili inazidi, na Julai, wenzetu wa kwingine wakianika nguo, sisi tuko kwenye ukungu na baridi ya kukaza vidole. Ndala zangu hazikuwahi kukauka.

Jambo moja lazima ulielewe mapema. Mama yangu na babu, mzaa baba, hawakuwahi kutazamana usoni. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana, yaani mke wa mtoto wako wa kiume, hamkaribii baba mkwe. Haingii nyumbani kwake mwenyewe akiwemo, hampi mkono, hasemi naye. Wengi wameiacha desturi hiyo, na hata wakati ule majirani walikuwa wameanza kuiona mambo ya kale. Babu aliishika, na mama, aliyefundwa na mama yake kabla ya kuolewa, aliishika kumzidi babu. Babu akitaka kupita uwanjani alikohoa kwanza, kikohozi kikavu cha mara mbili, na mama akavuta kanga kichwani akazunguka nyuma ya jiko mpaka apite. Usidhani walichukiana. Sijaona mtu aliyemheshimu mama yangu kama yule mzee, wala chakula kilichopakuliwa kwa uangalifu kama kile mama alichompelekea.

Alichompelekea kwa mkono wangu, hapo ndipo tatizo. Bibi alipokuwa hai yeye ndiye aliyepitisha maneno kati yao. Alipofariki, kazi ikaniangukia mimi. Nilipeleka ndizi zilizopikwa na maziwa, nikarudisha sahani na shukrani: "Mwambie mama yako za leo zimelainika vizuri, ndaga fijo." Nilipeleka maswali, nikarudisha majibu. Na babu hakuwa mtu wa kukujibu ukaenda zako. "Mke wangu," aliniita hivyo, utani wa mababu kwa wajukuu wao wa kike, "keti kwanza." Ukiketi utaulizwa habari za shule, utatumwa kiberiti, utatafuta miwani ambayo iko kichwani kwake, ndipo upewe jibu ulilolifuata. Mimi nilikuwa mtoto wa miguu inayowasha. Kuketi nilikuona kama adhabu.

Karani alikuwa paka wa babu. Kijivu, mnene, kichwa kikubwa. Babu alistaafu kazi ya kupokea majani kwenye kiwanda cha chai, na alisema karani mmoja wa mizani alikuwa na uso uleule, wa kumtazama kila anayeingia kana kwamba amekuja kuiba. Tangu bibi afariki, Karani alilala miguuni mwa babu. Asubuhi nikipeleka uji niliwakuta wameshaanza mazungumzo, babu akimweleza kwa Kinyakyusa mambo marefu ambayo sisi wengine hatukuambiwa. Nikiingia ananyamaza, kisha anaendelea nikitoka.

Mbwa walikuwa wawili: Bosi, mwekundu mwenye sikio lililochanika, na Mgambo, mweusi, mwoga wa radi. Kazi yao ilikuwa kufukuza ngedere kwenye mahindi. Kazi waliyoipenda ilikuwa kusubiri chakula. Waliishi na Karani kama ndugu wa nyumba moja, yaani kwa kugombana. Jua likipotea wiki nzima utawakuta barazani kwa babu, paka amelala mgongoni kwa Bosi, wote watatu rundo moja la manyoya. Sahani ikitokea, undugu umekwisha.

Babu mwenyewe alikuwa na kisukari cha sindano. Asubuhi na jioni alivaa miwani, akavuta insulini yake kwenye bomba, akajichoma tumboni, na mkono wake haukutetemeka hata siku moja. Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Chupa ya dawa ilikaa kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaoloweshwa maji, kule kwenye kibanda cha kahawa. Kazi ya kulowesha mchanga ilikuwa ya nani? Yangu.

Mwaka ule Karani alianza kunywa maji. Alijipenyeza kati ya mbwa kwenye beseni lao akanywa mpaka Bosi mwenyewe akarudi nyuma kumtazama. Alikula mara mbili ya zamani, na bado mifupa ya mgongo ikaanza kuonekana. Mama alisema ni minyoo. Jirani yetu, ambaye hakukosa ushauri, alisema paka akifika hapo anabebwa kwenye kikapu na kuachwa mbali. Babu ndiye aliyeona sisimizi. Karani alikuwa na kona yake ya kukojolea nyuma ya nyumba, na asubuhi moja ile kona ilikuwa imejaa sisimizi, mstari mrefu unaotoka kwenye mawe ya msingi. Babu aliinama akawatazama, akainuka akishika kiuno.

"Hata mimi walianza hivihivi kunifuata," akasema. "Nenda kamwambie mama yako paka ana ugonjwa wangu."

Afisa mifugo alikuja na pikipiki, buti zimejaa mavi ya ng'ombe, maana ng'ombe wa maziwa ndio wagonjwa wake wa kila siku. Alicheka, nimekwambia. Babu akamwambia aache kucheka, apime. Wakamtoboa Karani sikioni, tone la damu likawekwa kwenye kimashine cha babu cha kupimia sukari, na kimashine kikashindwa kutoa namba, kikaonyesha tu kwamba iko juu mno. Afisa mifugo akakitazama tena kile kimashine. Akatoka kumpigia simu mwalimu wake wa chuo, akazunguka migombani akitafuta mtandao, akarudi na maelekezo. Dawa ileile ya babu, lakini kidogo kabisa, asubuhi na jioni kwa saa zisizobadilika, akishakula na si kabla. Hakuna tena chai ya maziwa wala ndizi; ni dagaa waliochemshwa bila chumvi, na nyama ikipatikana.

"Na asichomwe mara mbili kwa mlo mmoja," alisema akipanda pikipiki yake. "Sukari itashuka mpaka chini, atawafia mikononi."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, nimeshika mkia wa Mgambo asiifukuze pikipiki. Sina pa kujificha.

Basi wakagawana zamu. Babu alichukua asubuhi. Mama alichukua jioni, kwa kuwa jioni babu alikwenda kukaa na wazee wenzake. Mama aliwahi kuwa mhudumu wa zahanati kabla ya kuolewa, na sindano kwake haikuwa kitu. Alivuta ngozi ya shingo kidogo tu, akachoma, na Karani hata hakuacha kujilamba mdomo. Babu akiwa na safari ya asubuhi, msiba au kikao cha ukoo, mama alishika zamu yake pia, na mimi ndiye niliyepeleka habari. Amechomwa, hajachomwa. Neno moja tu.

Shida ilikuwa mbwa. Dagaa wa Karani walinukia uwanja mzima, na Bosi alizijua zile saa kabla yetu. Ikabidi Karani alishwe juu ya meza ya babu, mlango umefungwa, mbwa nje wanakwaruza mbao. Kwa mama alilishwa juu ya kinu kilichogeuzwa, mama amesimama na ukuni mkononi. Saa kumi na mbili ikikaribia, mbwa wanalia, paka analia, mama anaita, babu anakohoa, na mimi mbio. Mpaka leo mume wangu hunisema kwamba nakula nimesimama.

Sasa ile Jumamosi. Watoto wa shule ya Jumapili tulikuwa tunakwenda kutembea Ziwa Masoko. Wakubwa hukwenda huko kwa miguu, lakini sisi tulikodiwa lori, na kupanda lori ndiko kulikokuwa safari yenyewe. Nilivaa gauni la kanisani kabla hakujapambazuka. Babu naye alikuwa na msiba ng'ambo ya bonde na alishasema atatoka mapema. Nilikuwa nimeinama kwenye ngazi ya jiko nafunga kamba za viatu, lori likapiga honi njia panda, na hapohapo mama akaita kutoka ndani.

"Babu yako ameshaondoka? Amemchoma Karani?"

Mlango wa babu ulikuwa umefungwa. Sikujua. Ili nijue ilinipasa kuvuka matope na gauni langu, keti kwanza mke wangu, tafuta kiberiti, halafu matope tena kurudi. Honi ikapigwa mara ya pili.

"Ndo anatoka," nikasema. "Kasema bado, umchome wewe."

Sikusema sijui, unaona? Sikusema hata nadhani. Nilitunga maneno nikampa babu yawe yake. Nikakimbia.

Kumbe babu alikuwa ameshamlisha Karani na ameshamchoma. Alikuwa ndani amevaa koti lake la msibani, anamsubiri mzee mwenzake aje waongozane. Alipofungua mlango kidogo kutazama njia, Karani akachoropoka akaenda kwa mama kuomba chakula cha pili, kama alivyofanya kila siku ya Mungu. Mama akamwona analia njaa, akaona ndivyo nilivyosema. Akampa dagaa wachache, akamchoma, akaenda zake kuchuma maharage nyuma ya migomba. Karani akarudi kwa babu kulala.

Na lori halikuondoka. Aliyekuwa anapiga honi alikuwa utingo; dereva mwenyewe alikuwa bado anakunywa chai kwao. Tulikaa juu ya lile lori tukaimba nyimbo zote tulizozijua, tukarudia. Dereva alipotokea hatimaye, mwalimu wa shule ya Jumapili, dada mmoja mkali, akapita akikagua chakula cha kila mtoto, na magimbi yangu nilikuwa nimeyaacha mezani nyumbani. "Hupandi bila chakula," akasema. "Kimbia, tunakusubiri kidogo."

Nilipoingia uwanjani nikamkuta Bosi amesimama mlangoni kwa babu, anabweka kuelekea ndani. Hakuwahi kubweka hivyo. Ndani, Karani alikuwa anatembea kama mlevi. Miguu ya nyuma ikamwacha, akaanguka, akainuka, akaanguka tena kwa ubavu, na mwili wote ukaanza kutikisika. Babu alikuwa amepiga magoti na koti lake zuri.

"Mwite mama yako," akasema. Hata yeye alikisikia alichokisema.

Nilipiga kelele kutoka mlangoni. Mama akatokea migombani na ungo wa maharage, akaniona, akamwona babu nyuma yangu, yeye aliyeamini babu yuko ng'ambo ya bonde. Akaingia ndani kwake. Nikadhani amekataa. Akatoka na kopo la sukari, lile alilolificha chumbani ili babu asilione, na kikombe cha maji. Alivuta kanga ikamfunika kichwa na nusu ya uso, akavuka uwanja. Katika maisha yangu yote sikuwa nimemwona akikanyaga ngazi ile wakati babu yumo. Alisimama kizingitini, akakohoa.

Babu akamlaza Karani kwenye mkeka, akainuka, akageuka, akaegemeza paji la uso ukutani. Mama akaingia.

"Mwambie mama yako asimimine maji, yatampalia," babu akauambia ukuta.

"Mwambie babu yako najua." Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alichovya kidole kwenye sukari iliyoloweshwa, akampaka Karani kwenye fizi, akachovya tena.

"Anapumua?"

"Mama, babu anauliza anapumua?"

"Anapumua."

"Anapumua, babu."

Mgambo akaingia kwa fujo, akaanza kulamba sukari kwenye mdomo wa paka, na babu, bila kugeuka, akarusha fimbo yake kwa kukisia akapiga mguu wa meza. Siku nyingine ningecheka. Huko njia panda honi ikapiga, ikapiga tena, kisha nikasikia lori likiondoka, na nyimbo zikaelekea Masoko bila mimi. Sikujali hata kidogo. Nilikuwa namwomba Mungu tu yule paka asife, kwa sababu nilijua ni nani atakuwa amemuua.

Mama alipaka sukari mpaka kopo likaonyesha kitako. Karani akafumbua jicho moja. Akatoa ulimi, akajaribu kujilamba.

"Amerudi," mama akasema, na safari hii hakunituma. Alisema tu, mle ndani, aliyesikia asikie. Mabega ya babu yakashuka. Alikuwa analia, kimya, paji la uso limebaki palepale, na mama akatoka kinyumenyume akiwa ameinamisha kichwa.

Mchana ule mama aliniita jikoni.

"Asubuhi ulienda kwa babu yako?"

"Nilienda."

"Akasema hajamchoma?"

Hapo ndipo ningeokoka. Ningesema sikwenda, ningechapwa, na jambo lingekwisha kabla ugali haujaiva.

"Ndiyo," nikasema. "Alisema bado."

Mama akashusha pumzi. Mwanawe hakuwa mwongo. Basi ni mzee aliyesahau. Baba alirudi jioni kutoka Kiwira, alikofanya kazi mgodini na kukaa wiki nzima, wakazungumza, na kesho yake baada ya kanisa akaenda kwa babu. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha.

"Baba, mtoto anasema ulimwambia bado."

"Nilisema hivyo?"

"Ndivyo anavyosema."

"Sikumbuki kumwona asubuhi ile." Nikafikiri sasa, sasa anajua, sasa ataniita. "Basi nilisema," babu akasema. "Yule mtoto hawezi kutunga."

Angebisha ningepona, ndivyo ninavyojiambia. Hakubisha. Aliniamini mimi akaacha kujiamini yeye.

Wiki ileile Karani akahamia kwa mama. Babu ndiye aliyetaka. "Mwambie mama yako amchukue moja kwa moja," akaniambia. "Mimi nitamuua." Nilibeba mwenyewe gunia la kulalia la Karani, hatua arobaini. Na kwa kuwa anayesahau sindano ya paka anaweza kusahau ya kwake, baba akaamua mama awe anavuta dawa ya babu, mimi naipeleka kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa. Mkono ule usiotetemeka ukawa haukabidhiwi tena chupa. Mwanzoni Karani alirudi kulia mlangoni kwa babu, na babu hakumfungulia. Aliogopa atamlisha kisha asahau kwamba amemlisha. Nilimsikia akimsemesha kupitia mbao, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, mpaka paka alipochoka akaondoka.

Akaanza kuniuliza vitu. "Mke wangu, leo nimekula?" Umekula, babu. "Mlango wa kibanda nimefunga?" Ulikuwa umefungwa, aliufunga siku zote. Kwenye vikao vya ukoo akaacha kusema, alidai akili imeanza kutoboka. Haikuwa imetoboka. Yule mzee hakuwahi kusahau kitu isipokuwa ile miwani kichwani, na niligundua baadaye kwamba hata hiyo ilikuwa njia yake ya kunichelewesha nikae naye. Kila siku nilitaka kumwambia, na kila siku nilikuwa na haraka. Kisha nikafaulu, nikaenda shule ya bweni, na ni kweli, nilifurahi kuondoka.

Karani aliishi miaka mitatu mingine, sindano asubuhi na jioni, akanenepa tena, akaendelea kugombana na mbwa juu ya kinu. Babu aliishi miwili.

Jumanne hii niliomba ruhusa kazini nikapanda gari kwenda nyumbani. Sikumwambia mtu ninafuata nini. Nilimkuta mama anamenya ndizi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, kichwa kimeshakuwa cheupe. Akataka nikae. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Aliendelea kumenya. Alimenya ndizi tatu, nne.

"Hukwenda kumuuliza," akasema.

"Sikwenda."

"Miaka miwili nimemvutia dawa mtu mwenye akili zake timamu." Akaweka kisu chini. "Ondoka kidogo hapa mbele yangu."

Nikatoka nikazunguka uwanja. Nyumba ya babu siku hizi wanawekea maparachichi yanayosubiri wanunuzi. Kibanda cha kahawa hakipo, na vile vyungu hakuna anayejua viliishia wapi. Umeme umefika, mama ana friji. Mbwa waliopo ni wengine, hawanijui, walinibwekea kama mgeni. Mke wa kaka yangu alikuwa uani na baba yangu, yaani baba mkwe wake, anamwonyesha kitu kwenye simu, wanacheka, bega kwa bega. Niliwatazama kwa wivu. Napenda walivyo, kwa kweli napenda, kwa maana watoto wao hawatabebeshwa neno la mtu. Lakini sikuwa nimewahi kuona heshima kama ile ya paji la uso ukutani, na sitaiona tena, na mimi niliyeletewa heshima ile mikononi niibebe niliiharibu kwa ajili ya lori.

Mama akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Ningekuwa nasema naye, ningemuuliza mwenyewe," akasema. "Siku ileile ningemuuliza." Macho yalikuwa mekundu. "Nenda kamwambie."

"Mama, babu si alisha..."

"Najua aliko. Nani kakwambia sijui? Tangu lini mimi nikasema na baba mkwe? Nenda. Mwambie hakusahau. Mwambie mama anasema samahani."

Kaburi liko nyuma ya nyumba, kati ya migomba, saruji imeota ukoka pembeni. Nilisema nilichotumwa kwanza, kwa sauti, kisha nikasema changu, na changu kilichukua muda kwa sababu nililia. Nilipogeuka nikamwona mama kule nyuma ya jiko, amevuta kanga kichwani, anasubiri nimpelekee jibu.